Ripoti mbili za matone yaleyale: niamini ipi?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi hapa Dodoma. Mradi wangu ni nozeli ya mashine ya kupulizia ya mgongoni, ile yenye injini na feni, kwa ajili ya mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi. Kupitia rafiki wa msimamizi wangu, nozeli ilipelekwa maabara mbili nje ya nchi, ikapimwa kwa maji matupu, sentimita 10 kutoka mdomoni. Maabara ya kwanza walitumia difraksheni ya leza: kipenyo cha wastani cha Sauter maikroni 78, mwanga uliozuiwa asilimia 88. Ya pili walitumia leza ya fezi na Dopla: wastani huohuo maikroni 112, sampuli zilizokubaliwa asilimia 54. Nozeli ileile, feni ileile, shinikizo lilelile. Msimamizi anasema mmoja wao kakosea, nichague mmoja. Mwenzangu anasema ningeomba leza yenye nguvu zaidi ili ipenye ukungu. Fedha za kupima tena nje sina. Nifanye nini? Na je, hapa nyumbani kuna namna ya kupima matone kwa mwanga bila mashine ya mamilioni?"

Marahaba, na pole kwa kuwekwa njia panda. Nikikuelewa vizuri, unachohofia ni kuandika namba kwenye tasnifu halafu siku ya kuitetea mtu akuulize kwa nini umeificha ile nyingine. Usiifiche. Zote mbili ziandike, na usichague bado. Inawezekana kabisa maabara zote mbili zimefanya kazi yao kwa uaminifu na bado namba zikapishana kwa maikroni 34 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa sababu umewapa ukungu mzito na kila mmoja amechungulia kupitia dirisha lake. Bahati nzuri kila ripoti imekuachia kidokezo: asilimia 88 kwa huyu, asilimia 54 kwa yule. Mimi ningeanza kusoma hapo kabla ya kutazama maikroni.

Kabla ya hapo, jambo moja la haraka. Hakikisha wastani ni uleule kweli, maana maabara nyingi hutoa wastani wa aina nne au tano kwenye ukurasa mmoja. Kipenyo cha Sauter, kilichopewa jina la Mjerumani Josef Sauter wa miaka ya 1920, ni kipenyo cha tone ambalo uwiano wa ujazo wake kwa eneo la uso wake ni sawa na ule wa matone yote kwa pamoja. Chukua matone tisa ya maikroni 50 na moja la maikroni 200. Wastani wa kawaida wa vipenyo ni maikroni 65. Wastani wa Sauter wa matone hayohayo kumi ni 146, kwa sababu lile tone moja kubwa limebeba karibu asilimia 88 ya maji yote. Mtu akikupa "wastani" bila kusema upi, hajakupa kitu. Wewe umesema ni Sauter kwa wote wawili, basi tuendelee, ila rudi ukurasa ule uhakikishe.

Sasa difraksheni. Mwanga ukipita kando ya tone hupinda kidogo. Tone kubwa huupinda kwa pembe ndogo, tone dogo kwa pembe kubwa. Kwa leza nyekundu ya heliamu na neoni, yenye urefu wa wimbi wa maikroni 0.633, pete ya kwanza ya giza ya tone la maikroni 100 iko kwenye nyuzi 0.44 tu, ya tone la maikroni 20 iko kwenye nyuzi 2.2. Mashine haioni tone hata moja. Inaona pete za mamilioni ya matone zikiwa zimelaliana, kisha inapiga hesabu ya kurudi nyuma: ni mchanganyiko gani wa vipenyo ungetoa pete za namna hii? Hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana moja, kwamba kila mwale uliofika kwenye kigunduzi uligongana na tone moja tu njiani.

Hapo ndipo asilimia 88 inapouma. Mwanga uliopita bila kuguswa ni asilimia 12, na hesabu ya kupungua kwa mwanga inasema mwale unaovuka ukungu wako hukutana kwa wastani na matone mawili na kidogo kabla ya kutoka. Namba hiyo, 2.1, tuiite kina cha mwanga. Unaweza kuikadiria mwenyewe: zidisha 3 kwa sehemu ya hewa iliyojaa maji, zidisha kwa urefu wa njia ya mwale, gawanya kwa kipenyo cha tone. Ukungu wenye upana wa sentimita 6, mililita 1 ya maji katika kila lita ya hewa, matone ya maikroni 80, unakupa kina cha 2.25, yaani mwanga unaopita ni kama asilimia 11. Hiyo mililita moja imegawanyika kuwa matone karibu milioni 3.7. Nadhani hali yako haikuwa mbali na hapo.

Mwale uliopindwa na tone la kwanza kisha ukapindwa tena na la pili hutoka kwa pembe kubwa kuliko inayostahili tone lolote kati ya hayo mawili. Mashine haijui kwamba yalikuwa mawili. Inaona pembe kubwa, inaandika "tone dogo". Ndiyo maana ukungu mzito kwenye difraksheni huvuta wastani chini na kutanua mgawanyo wa vipenyo. Kanuni ya kazi inayotumika maabara nyingi ni kwamba mwanga uliozuiwa ukivuka nusu hivi, anza kutilia shaka. Ziko mashine zenye hesabu ya kusahihisha mgongano wa mara nyingi, na baadhi hufanya kazi nzuri hata kwenye asilimia 90 na zaidi, lakini marekebisho hayo huwashwa au huzimwa na mtu. Kwa hiyo barua pepe yako ya kwanza, ambayo haina gharama, iende maabara ya kwanza na swali moja: marekebisho yaliwashwa? Kama yalizimwa, waombe wapitishe upya data zilezile. Faili ghafi huwa wanazo.

Kuhusu leza yenye nguvu zaidi, mwenzako amesema jambo ambalo wengi hulifikiri, na halisaidii. Umewahi kuendesha usiku nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi? Ukiwasha taa kamili unaona ukuta mweupe zaidi, barabara huioni. Mwanga wenye habari na mwanga uliopotea njia huongezeka kwa kipimo kilekile, na uwiano kati yao haubadiliki hata chembe. Nguvu ya leza husaidia pale ambapo kigunduzi kinapokea mwanga hafifu mno. Tatizo lako ni mwanga uliochanganyikiwa, na huo hauponi kwa kuongezewa.

Tuje kwa maabara ya pili. Kifaa cha fezi na Dopla hukutanisha miale miwili ya leza mahali padogo sana, na pale inapokutana hutokea mistari myembamba ya mwanga na giza. Tone likipita katikati humetameta. Kasi ya kumetameta inakupa mwendo wa tone. Vigunduzi viwili au vitatu vilivyowekwa kwenye pembe tofauti huona mmeto huohuo kwa kuchelewana kidogo, na kuchelewana huko, yaani fezi, kunakua kadiri kipenyo kinavyokua. Ni kifaa kizuri mno. Mimi binafsi ndicho ninachokiamini zaidi kwenye ukungu mwepesi. Lakini kinataka mambo matatu: tone liwe la mviringo kamili, lipite peke yake, na mwanga wake utoke nje ya ukungu ukiwa bado na nguvu.

Sentimita 10 kutoka kwenye nozeli, yote matatu yana mashaka. Baadhi ya maji hapo bado ni nyuzinyuzi na vipande vinavyotikisika ambavyo havijatulia kuwa duara. Miale imepoteza nguvu ikiingia, na ishara inapoteza tena ikitoka. Wanaoumia kwanza ni wadogo, kwa kuwa mwanga unaotawanywa na tone hufuata mraba wa kipenyo: tone la maikroni 20 hutoa sehemu moja ya ishirini na tano ya mwanga wa tone la maikroni 100. Ishara yake ikizama kwenye kelele za kifaa, kifaa ama kinaikataa ama hakiioni kabisa. Umeambiwa asilimia 54 zilikubaliwa. Zile 46 zilizokataliwa hazikupigiwa kura kwa bahati nasibu. Humo kuna mafungu mawili, madogo na yasiyo duara, na yale yasiyoonekana kabisa hayamo hata kwenye hiyo asilimia. Hivyo 112 yaelekea imepanda kupita kiasi, kama vile 78 yaelekea imeshuka kupita kiasi.

Kuna maelezo mengine ambayo huenda msimamizi wako akakuletea, na ni vizuri uwe nayo tayari. Difraksheni huhesabu matone yaliyopo kwenye mwale kwa wakati fulani. Dopla huhesabu yanayopita. Kwa nozeli ya shinikizo tupu, isiyo na feni, matone madogo hupunguzwa mwendo haraka na hewa, hukawia, hivyo hurundikana kwenye mwale. Difraksheni ikatoa wastani mdogo kuliko Dopla bila mtu kukosea. Wengi husimama hapo wakadhani wamemaliza. Mashine yako lakini ina feni. Karibu na mdomo, hewa ndiyo inayokimbia kuliko maji. Matone madogo hudaka mwendo wa hewa mara moja na makubwa hubaki nyuma. Kwa hiyo makubwa ndiyo yanayokawia, na tofauti hii ingetakiwa kuifanya difraksheni itoe namba kubwa, si ndogo. Ripoti ya Dopla lazima ina mchoro wa mwendo dhidi ya kipenyo. Utazame. Kama matone makubwa ni ya polepole, basi maelezo hayo hayakutetei, yanazidi kuelekeza kidole kwenye mgongano wa mara nyingi na ishara zilizokataliwa.

Ongeza na hili: Dopla imepima nukta moja, labda katikati, difraksheni imepima mstari mzima, kingo kwa kingo. Waulize nukta ilikuwa wapi.

Je, zipo njia zilizotengenezwa kwa ukungu mzito hasa? Zipo, na zimekua sana tangu miaka ya 2000. Ninayoipenda ilitoka Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2008, kwa kazi ya Elias Kristensson, Edouard Berrocal na wenzao. Wanaukata ukungu kwa karatasi nyembamba ya mwanga, lakini mwanga wenyewe umechorwa mistari. Mwanga uliotawanywa mara moja tu unatoka ukiwa bado umebeba mistari ile. Uliogonga huku na kule umeshasahau mistari. Wanapiga picha tatu, kila moja mistari ikiwa imesogezwa theluthi, na hesabu inaondoa kila kitu kisicho na mistari. Ukitia maji rangi inayong'aa chini ya leza, mwanga wa rangi hufuata ujazo wa tone na mwanga wa kawaida uliotawanywa hufuata eneo lake. Gawanya picha moja kwa nyingine na unapata ramani ya kipenyo cha Sauter kwenye ukungu mzima. Uzuri ni mwingi, ila uwiano huo hauna maikroni ndani yake mpaka uupe kipimo kwa kifaa kingine, mara nyingi Dopla yenyewe, mahali ambapo ukungu ni mwepesi. Pia ukungu ukizidi, kamera haina cha kubakisha baada ya kutoa.

Njia nyingine hufungua kigunduzi kwa muda mfupi sana ili zipite tu zile fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizotangulia bila kugongana, na nyingine hutumia eksirei, ambayo haijali sana mipaka ya maji na hewa. Zote ni za kuchungulia kitovu cha mpulizo wa injini ya dizeli, pale ambapo kina cha mwanga hupita 10. Kwa bomba la zabibu ni kutumia panga kuchuna kipele.

Na hapa niulize swali ambalo sioni kwenye barua yako: sentimita 10 ni za nini? Mzabibu hausimami sentimita 10 kutoka kwenye nozeli. Mpuliziaji yuko mita moja au zaidi kutoka kwenye jani, na tone linalokuhusu ni lile linalofika. Dodoma hilo ni jambo zito. Katika hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 50, tone la maji la maikroni 50 linakauka kwa kama sekunde 4. Muda huo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo la maikroni 100 linapata kama sekunde 16. Mchana wa kiangazi hewa yenu ni kavu kuliko hiyo, na upepo haupungui. Namba ya karibu na mdomo inafaa kulinganisha nozeli na nozeli; haikuambii kitakacholifikia jani lenye ugonjwa wa ubwiri unga.

Ungedhani basi kwamba kusogea mita moja kunamaliza tatizo la ukungu mzito. Kwa Dopla, kwa kiasi kikubwa ndiyo, kwa kuwa matone yanakuwa yameachana na yameshakuwa duara. Kwa difraksheni tahadhari: kwenye mkondo wa feni hewa hutanuka huku ikipungua mwendo, wingi wa matone kwa lita hupungua, lakini upana wa ukungu unaovukwa na mwale huongezeka karibu kwa kiasi hichohicho. Kina cha mwanga kinaweza kubaki palepale. Dawa yake ni kupitisha mwale ndani ya mirija miwili myembamba inayoulinda na ukungu, ukiacha wazi sentimita chache tu katikati. Mirija inasumbua mkondo kidogo, kwa hiyo iwe myembamba na usiisogeze karibu mno.

Mirija hiyohiyo inakupa kipimo ambacho kingemaliza ubishi wenu. Pima na njia ndefu, kisha na njia fupi, mahali palepale. Mwanga uliozuiwa ukipungua na kipenyo cha Sauter kikapanda, umekamata mgongano wa mara nyingi kwa mkono. Kipenyo kikitulia, tofauti yako na Dopla inatoka kwingine. Ukipata nafasi ya kupimiwa tena mara moja tu, omba hilo, na uombe lifanyike mita moja.

Sasa nyumbani. Njia niliyo tayari kukushauri bila wasiwasi ni ya zamani: choma utepe wa magnesi chini ya kioo cha hadubini mpaka kishike unga mweupe, kipitishe kwenye mpulizo kwa sekunde moja, kisha pima mashimo chini ya hadubini. Kwa matone ya maikroni 20 hadi 200, kipenyo cha tone ni 0.86 ya kipenyo cha shimo. Usiutazame utepe unaowaka kwa macho makavu. Mwanga wake unaumiza. Matone madogo sana hukikwepa kioo kwa kufuata hewa, kwa hiyo mkia wa chini wa mgawanyo wako usiutegemee. Karatasi za njano zinazogeuka buluu zikiguswa na maji ni nzuri kwa kuonyesha jani limefunikwa kiasi gani, lakini doa hupanuka karibu mara mbili ya tone, na madoa yakianza kupandana hesabu imeharibika.

Kamera inawezekana, ukijua mpaka wake. Weka taa nyuma ya ukungu, kamera yenye lenzi ya karibu mbele, upige vivuli vya matone. Shida ni mwendo. Tone la mita 20 kwa sekunde husogea maikroni 20 ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na flashi ya kawaida ya kamera, hata ikiwekwa nguvu ya chini kabisa, huwaka kwa muda mrefu mara ishirini au zaidi ya huo. Picha yako itakuwa ya mistari. Taa ya LED inayosukumwa kwa mpigo mfupi, chini ya nusu ya sehemu hiyo ya milioni ya sekunde, inaweza kujengwa na fundi wa elektroniki wa chuoni kwako. Pata kipimo chako kwa kupiga picha mizani ndogo ya kioo wanayotumia watu wa baiolojia. Halafu kumbuka kwamba tone kubwa huonekana wazi hata likiwa nje kidogo ya mahali lenzi ilipolenga, dogo hutoweka. Usiposahihisha, wakubwa watazidi idadi.

Maswali yaliyobaki hayawezi kujibiwa kwa maandishi. Ukitaka kujenga leza yoyote inayozidi ile ya kuelekezea ubaoni, usianze bila mtu wa fizikia aliyeizoea kusimama nawe, kwa kuwa matone hutupa mwanga kila upande, hata machoni pako. Kama nozeli inatoa nyuzi zisizokatika au mpulizo unaoegemea upande mmoja, ipeleke karakana ikatazamwe mdomo kabla ya kupima maikroni zozote. Na siku ya kutoka kwenye maji kwenda kwenye dawa, nenda TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora ukaongee na watu wa zabibu uso kwa uso: kiasi cha dawa, hatua ya mmea na mavazi ya kujikinga ni vyao kuamua. Salfa iliyochanganywa na maji pia haipimiki kama maji matupu, kwa kuwa chembe ndani ya tone hutawanya mwanga kivyake, na ishara ya fezi ndiyo inayoharibika kwanza.